Usiulize Mama Alivuka Kamba Gani

Nakuandikia kutoka Uvira, mji wetu huu uliobanwa kati ya mlima na ziwa. Leo sikuletei mahubiri. Nataka kuungama jambo moja mbele yako, ili wewe usije ukalifanya nyumbani mwako.

Ni swali moja tu. Nilimuuliza bibi yangu mwaka 2013, asubuhi ile mtoto wetu wa pili alipozaliwa.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha tangu jioni. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi minane. Hatukuwa tayari hata kidogo: nguo za mtoto hazijanunuliwa, na pesa ya materniti nilikuwa nimeweka nusu tu. Uchungu ukamshika ghafla saa nne za usiku. Tukapanda pikipiki watu watatu, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke katika mashimo ya barabara.

Kabla ya kupambazuka mtoto akatoka. Hakulia. Mzalishaji alimkausha, akamsugua mgongo, akamtia hewa kwa ile pampu ndogo ya mkono. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimesahau hata kuomba. Kisha nikasikia sauti ndogo kama ya mtoto wa paka. Alikuwa mvulana. Mizani ilisema kilo 1 na gramu 600.

Baadaye yule mzalishaji akaniita. "Pasta, kuya uangalie." Akanionyesha kamba ya kitovu katika sahani ya chuma. Ilikuwa imezunguka shingo ya mtoto mara mbili, na katikati yake palikuwa na fundo. Fundo kweli, ndugu yangu, kama lile unalofunga katika kamba ya kiatu. Mama yule akacheka kidogo kwa uchovu, akasema: "Mutoto njo alifunga fundo hii ye mwenyewe, wakati alikuwa angali kadogo sana mu tumbo."

Lakini mimi sikusikia maneno yake. Nilisikia maneno ya utoto wangu. Wamama wazee wa kwetu walikuwa wakisema kwamba mwanamke mwenye mimba asivuke kamba wala asivae shanga shingoni, maana mtoto atafungwa tumboni. Nilikuwa nimesoma Shule ya Biblia, nilikuwa nimefundisha vijana wasiogope hirizi wala mizimu. Hata hivyo nikaingia mle chumbani, nikamkuta bibi yangu amelala, damu haijakauka miguuni, nikamuuliza: "Ulivuka kamba gani?"

Hakunijibu. Alikaa siku tatu bila kuniambia neno lisilo la lazima. Siku ya nne akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Neema, we unajua ninauzishaka ndagala ku Kalundu. Kamba za mitumbwi ziko pote mu mchanga. Ba mama wote tunazivukaka kila siku. Kama kamba ya mutumbwi inaweza kufunga kitovu, nani angezaa mutoto muzima hapa Uvira?"

Msomaji, mimi ndiye mwenye kusoma, na yeye ndiye aliyenifundisha.

KAMBA YENYEWE NI NINI?

Miaka iliyofuata nilianza kuuliza waganga na kusoma, kwa aibu kwanza, halafu kwa kiu. Ngoja nikupe kwa ufupi yale niliyoyapata.

Kamba ya kitovu ndiyo njia ya chakula na ya pumzi ya mtoto tumboni. Upande mmoja imeshika kitovu chake, upande mwingine imeshika kondo, ile nyama inayotoka nyuma ya mtoto. Urefu wake kwa kawaida ni kama santimita 50 au 60. Ndani yake mna mishipa mitatu: mmoja mkubwa unaoleta damu nzuri kutoka kwenye kondo, na miwili midogo inayorudisha damu iliyokwisha kutumika. Mishipa hiyo imezungukwa na ute mzito kama uji ulioganda. Ute huo unailinda isiminywe. Daktari Mwingereza Thomas Wharton aliueleza mwaka 1656, na hadi leo waganga wanauita kwa jina lake.

Sasa, kamba hii inaweza kuwa na kasoro za namna nyingi. Kwanza, kuzunguka shingo. Hilo ni jambo la kila siku: karibu mtoto mmoja kati ya 4 au 5 anazaliwa akiwa amezungushwa kamba shingoni, na wengi mno wanalia vizuri na kunyonya siku ile ile. Pili, fundo la kweli, ambalo laonekana kwa mtoto kama mmoja katika 100. Tatu, kamba yenye mishipa miwili badala ya mitatu, nayo ni kama mmoja katika 100 au pungufu. Nne, kamba iliyojishika pembeni ya kondo, katika ngozi nyembamba, badala ya katikati. Tano, kamba iliyosokotwa kupita kiasi, au ndefu mno, au fupi mno.

Fundo linatokeaje? Yule mzalishaji alisema kweli. Miezi ya kwanza mtoto ni mdogo na maji ni mengi, basi anaogelea na kupinduka kama samaki. Siku nyingine anapita katikati ya pete ya kamba yake mwenyewe, na fundo limekwisha fungwa. Mama hajui. Hakuna alichokula, alichovaa wala alichovuka kilichofanya hivyo.

Mara nyingi fundo linabaki legevu na damu inapita. Likikazwa, damu inapungua. Na hapo ndipo pana jambo zito: mtoto asiyepata damu ya kutosha kwa majuma mengi hakui vizuri, anazaliwa mdogo, na ubongo wake unaweza kuwa umeonja njaa ya hewa kabla hata hajaliona jua. Ikiwa tena amezaliwa kabla ya siku, mishipa ya ubongo wake ni laini sana, inaweza kutoa damu katika siku zile za kwanza. Tena baridi, sukari kupungua mwilini, manjano ya macho isiyotibiwa, na ambukizo la damu, vyote vinamkimbilia mdogo kuliko mkubwa.

Kwa hiyo ukinisikia nikisema "mama hana kosa," usifikiri nasema "hakuna hatari." Hatari ipo. Mimi nilipoteza miezi mingi kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

MTOTO KIFUANI MWA BABA

Pale tulipozalia hapakuwa na kuvezi, yaani lile sanduku la kupashia watoto wadogo joto. Mzalishaji alichukua kitenge, akamweka mtoto uchi, na kofia tu na nepi, kati ya maziwa ya mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja. Akasema akae hivyo usiku na mchana. Siku ya tano bibi yangu akashikwa na homa, na yule mama akanigeukia mimi: "Pasta, vua shati."

Nilikataa. Nilisema mchungaji hawezi kukaa wodini mbele ya wamama na kifua wazi. Akanijibu kwamba mtoto hajui kama mimi ni mchungaji, anajua baridi tu. Nikavua shati.

Ndugu wanaume, sijui niwaeleze namna gani. Kitu cha kilo moja na nusu kinapumua juu ya moyo wako, na kila mara kinapositasita wewe nawe unasita. Nilikaa hivyo saa nyingi kwa siku nne. Vijana wa kwaya waliokuja kusalimu walicheka sana mlangoni, halafu wakanyamaza.

Njia hiyo si ya umaskini, kama nilivyofikiri. Ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu watoto walikuwa wengi na masanduku ya joto machache. Wanaiita njia ya kangaruu, kwa mfano wa yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake mfukoni. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu wa Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye kilo 1 hadi karibu kilo 1 na gramu 800. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12 kwa kila 100 katika siku 28 za kwanza. Waliosubiri kwanza mpaka hali yao itulie, walikufa karibu 16 kwa kila 100. Ni tofauti ya watoto 4 katika kila 100, na kitenge unacho tayari nyumbani.

MIEZI NILIYOIPOTEZA

Tulirudi nyumbani na mtoto ana kilo 2. Yule mzalishaji alitushika mkono akasema: "Mumurudishe akiwa na miezi mitatu, tena sita, tena tisa. Hata kama anaonekana muzuri." Aliandika tarehe kwenye karatasi.

Karatasi ile niliiweka ndani ya Biblia yangu, na humo ikakaa. Kanisa lilikuwa limefunga na kuomba kwa ajili ya mtoto, naye alikuwa ameishi. Nikajiambia kumrudisha hospitali ni kumwambia Mungu kwamba sikuamini jibu lake. Bibi yangu alinikumbusha mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hakukumbusha, maana alijua nitamuuliza nini tena.

Miezi sita ikapita, mkono wa kuume wa mtoto ulikuwa bado umekunjwa ngumi. Miezi kumi, hakuweza kukaa. Ukimsimamisha, miguu yake ilivukana kama makasi. Wazee wa kanisa wakaanza kusema kwa mafumbo. Mmoja akaniuliza kama nyumbani mwangu kulikuwa na mtu mwenye wivu. Unajua, msomaji, swali kama hilo linakwenda wapi katika nchi yetu. Linakwenda kwa bibi mzee wa jirani, au kwa mama mkwe, au kwa mtoto mwenyewe.

Alipofikisha mwaka mmoja na miezi saba ndipo tukaondoka. Tulipita Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola, tukapanda ile milima ya Ngomo hadi Bukavu, mtoto akilia njia nzima. Huko munganga wa kunyoosha viungo alimlaza kwenye mkeka, akamgeuza, akamchezea kwa muda mrefu. Kisha akatuambia neno ambalo sikuwahi kulisikia: mtindio wa ubongo. Maana yake, sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia wakati ubongo ulipokuwa ukijengwa. Kidonda hicho hakiendi mbele, lakini hakifutiki. Mtoto anaweza kuwa na akili nzuri kabisa ndani ya mwili unaokataa kumtii.

Nikauliza: "Ni ile kamba?" Akatikisa kichwa. "Pengine kamba ilisaidia. Pengine udogo. Pengine zile dakika hakulia. Hakuna mtu wa kukuambia kwa hakika."

Jibu hilo lilinichoma wakati ule, lakini leo naona lilikuwa la haki. Mwaka 1861 daktari William John Little alisimama mbele ya wenzake London, akaeleza habari za watoto wengi waliozaliwa kwa shida au kabla ya siku, kisha wakakakamaa viungo. Akasema uzazi ndio chanzo. Mwaka 1897 Sigmund Freud, kabla hajapata sifa kwa mambo ya nafsi, akauliza kinyume chake: labda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya shida iliyoanza zamani tumboni. Leo waganga wanaona kwamba mara nyingi sababu ni nyingi na zimefuatana kama mbao za daraja. Na nyingine zinakuja baadaye: huko mashariki mwa Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikuta karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila 1,000, na kwa mmoja kati ya 4 yaelekea ubongo uliumia baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, kwa magonjwa kama malaria kali.

Nilipofunua Yohana sura ya 9 jioni ile, niliona aibu. Wanafunzi walimwona kipofu wa kuzaliwa, na mara moja wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nimehubiri sura hiyo mara ngapi? Na swali la wale wanafunzi lilikuwa swali langu mwenyewe, lile la asubuhi ya kwanza. Bwana hakulijibu kama walivyotaka. Alimshughulikia yule mtu.

Nikamwambia bibi yangu pale pale, katika ua wa nyumba ya wageni: "Nisamehe neno lile la kamba." Alikaa kimya kitambo. Halafu akasema: "Shika mutoto, Baba Neema. Mikono yangu imechoka."

MTOTO WA MCHUNGAJI MWINGINE

Kuna mtoto mwingine wa mchungaji wa Kivu ambaye kitovu karibu kimwue. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, nyumbani, na baada ya kukatwa, kitovu chake kikaambukizwa hata akawa mahututi. Mmisionari wa Sweden, Majken Bergman, alihangaika mpaka mtoto akapokelewa na kutibiwa. Mtoto huyo ni daktari Denis Mukwege. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2021.

Wengi wetu hapa tunakumbuka kwamba kazi yake ilianza kwetu, juu ya mlima, katika hospitali ya Lemera, mwaka 1983. Huko aliona wamama wakiletwa wamechoka, wamebebwa mbali, na uzazi umewaharibu. Hiyo ndiyo ilimfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea uganga wa wanawake. Lemera ilishambuliwa mwezi wa kumi mwaka 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya amani ya Nobel.

Namtaja kwa sababu moja. Fundo la kamba hatuwezi kulizuia. Lakini namna ya kuikata na kuitunza kamba, hiyo imo mikononi mwetu kabisa. Hata nabii Ezekieli, katika sura ya 16, alipotaka kuonyesha mtoto aliyetupwa asiyehurumiwa na mtu, alianza na kitovu kisichokatwa.

Basi shika haya. Zalia mahali penye mzalishaji aliyefundishwa. Wembe uwe mpya, mikono ioshwe. Mtoto akilia vizuri, kamba isikatwe kwa haraka: Shirika la Afya Duniani linasema kungoja angalau dakika 1, hadi 3, ili damu iliyobaki katika kondo imwingie mtoto. Kwa waliozaliwa kabla ya siku, majaribio mengi yaliyojumlishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba kungoja hivyo kunapunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Baada ya hapo kitovu kiachwe kikavu na safi. Usipake majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala mafuta, wala majani. Mama apate chanjo ya pepopunda wakati wa mimba. Kitovu kikinuka, kikitoa usaha, au ngozi yake ikiwa nyekundu, usingoje kesho.

KWA NINYI MLIO MACHIMBONI

Najua gazeti hili linasomwa Misisi, Kamituga, Lugushwa na kwingine kwenye mashimo ya dhahabu. Waumini wangu wengi ni wake wa wachimbaji. Bwana yuko shimoni miezi mitatu, mama yuko hapa na mimba. Na wamama wengine wanafanya kazi huko huko, wakitwanga mawe tangu asubuhi mpaka jua kuzama.

Mtoto mdogo haanzi siku ya kuzaliwa. Malaria ya mama inaharibu kondo na kumnyima mtoto chakula. Kwa hiyo mama mwenye mimba alale ndani ya chandarua, aende kupimwa mapema, na anywe ile dawa ya kukinga malaria anayopewa kwenye kituo cha afya kuanzia mwezi wa nne, angalau mara 3. Apumzike mawe, hasa miezi ya mwisho. Baba, gramu chache za dhahabu zinaweza kununua mapumziko hayo.

Tena zebaki, yale maji mazito yanayong'aa ya kukamatia dhahabu. Mvuke wake unapoichoma unaingia kwa pumzi, unapita kondo, unafika katika ubongo wa mtoto. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa mwaka 1956. Wamama ambao wenyewe walionekana karibu wazima walizaa watoto waliokakamaa viungo. Usiichome jikoni. Usiiweke karibu na mwenye mimba wala karibu na mtoto.

Na wewe baba, ukipigiwa simu kwamba mtoto amezaliwa mdogo, usianze kuuliza nyumbani kuna nini. Tuma pesa ya usafiri, kisha uje uvue shati.

MAMBO YA KUANGALIA

Mtoto aliyezaliwa na chini ya kilo 2 na nusu, au kabla ya siku, au ambaye hakulia, amtazamwe kwa makini miaka miwili ya kwanza. Kama alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, toa miezi miwili katika hesabu: akiwa na miezi sita, mhesabu kuwa na minne.

Katika siku za kwanza, mrudishe upesi asiponyonya, akiwa baridi, akishtukashtuka mwili, au macho na ngozi vikiwa vya manjano. Baadaye angalia haya: miezi 4, bado hawezi kushika kichwa, ngumi haifunguki baada ya miezi 3 au 4, miezi 9, hakai peke yake, anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, mwili ni mgumu kama mti, au legevu kama nguo iliyolowa, anapaliwa kila anapokula. Dalili moja si hukumu. Ni sababu ya kumpeleka aonwe.

Na wengi, tena wengi sana, hawatakuwa na kitu. Nimewaona vijana wa shule ya Jumapili waliozaliwa na kilo moja na nusu, leo wanacheza mpira ufukoni mpaka usiku. Lakini yule atakayekuwa na shida, miezi yake ya kwanza ni dhahabu, maana ubongo mchanga bado unajifunza njia mpya. Mkono wa mwanangu ungefunguka zaidi kama ile karatasi isingelala ndani ya Biblia yangu. Munganga hakuniambia hivyo kwa kunilaumu. Nilimuuliza, naye hakutaka kunidanganya.

SWALI LA KUULIZA

Sasa kijana huyo amepita miaka kumi. Anatembea akiburuta mguu wa kuume, na mkono ule anautumia kushikilia daftari tu wakati wa kushoto ukiandika. Anasoma darasa moja na watoto waliomtangulia nusu ya njia, na hesabu anawashinda. Kila asubuhi mama yake anamnyoosha viungo juu ya mkeka, na jioni ni zamu yangu. Anachoka, siku nyingine ananikasirikia. Kamba ya mtumbwi anaivuka vizuri tu. Anainua mguu kwa mkono.

Juzi nilikwenda kumsalimu mama mmoja kijana wa kanisa letu, Kavimvira. Amezaa mtoto mdogo wa kilo 2 kasoro, na mzalishaji alimwambia kamba ilikuwa na mishipa miwili. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Shangazi mmoja akaanza: "Lakini huyu binti, wakati wa mimba..." Nilimkata neno, ingawa ni mkubwa kwangu. Nikamuuliza mama mtoto: "Walikupa tarehe gani ya kumrudisha?"

Akanionyesha karatasi. Mumewe yuko Misisi. Tukahesabu siku pamoja, nami nikaandika tarehe ile katika kitabu changu cha ratiba, pamoja na ibada na mazishi, ili siku hiyo nimtafutie pikipiki.

Msomaji wangu, utaingia katika nyumba kama hiyo mwezi huu au mwezi ujao. Uliza swali hilo.